Kumlinda kijana wako mitandaoni: mwongozo kamili kutoka kibanda cha fundi simu, Mwanga Kigoma

Mwakeye wazazi wenzangu. Mi ni fundi simu, kibanda changu kiko Mwanga hapa Kigoma mjini, kazi nimeifanya miaka kumi na kitu na simu zilizopita mikononi mwangu sizihesabu tena. Mwaka jana kipindi cha likizo alikuja dogo mmoja wa kidato cha pili, shikamoo fundi, marahaba, akatoa simu mpya kabisa hata nailoni ya kioo hajabandua, akasema anaiuza. Nikamuuliza bei, akasema yoyote ile fundi. Sasa mtu akikwambia yoyote ile ujue hapo kuna jambo, nikadhani ya wizi, nikaishika niiangalie na wakati ninayo mkononi ikawa inalia tu, tiiti, tiiti, meseji zinashuka moja juu ya nyingine na kwenye kioo nasoma bila hata kuifungua: "zimebaki dakika 20", "namtumia mama ako saivi", "tuma kwa namba hii".

Nikamvutia kigoda akae. Ikawa hivi: kuna "msichana" alimfuata inboksi Facebook, picha kali, anadai anasoma Dar, wakachati wiki mbili wakahamia WhatsApp, msichana akatuma picha ya utupu akamwambia na wewe basi nitumie yako, dogo akatuma, na muda huohuo yule msichana akageuka kuwa jamaa anayedai laki mbili. Orodha ya marafiki zake wote wa Facebook kaipiga skrinshoti, wajomba wamo, mwalimu yumo, mama yumo. Dogo alikuwa keshatuma elfu thelathini, hela ya dagaa ambayo mama yake alimtuma aipeleke kwa mtu, na badala ya mambo kuisha ndo yakawa yameanza, thelathini ikazaa hamsini, hamsini ikazaa laki.

Nikamuuliza swali moja tu, kwanini hujamwambia mama. Akasema, "Ataniua fundi. Na simu baba atachukua."

Hilo jibu ndo limenikalisha niandike haya yote. Yule tapeli yuko mbali huko hata hatujui wapi, hana panga hana bunduki, mtaji wake ni kwamba anajua mtoto anamuogopa mama yake kuliko anavyomuogopa yeye. Kwahiyo setingi nitazieleza, tena nyingi, ila mpangilio nimeuweka makusudi, ukiruka hatua ya kwanza ukakimbilia setingi umefunga madirisha yote na mlango umeuacha wazi.

Hatua ya kwanza: ahadi kwanza, simu baadaye

Kabla hujanunua simu, au kama keshakuwa nayo basi leo jioni, mwambie kwa mdomo wako mwenyewe: likitokea jambo baya kwenye simu, hata kama we ndo umekosea, hata kama ni la aibu, njoo uniambie, sitakupiga na simu sitakunyang'anya. Hilo la simu usilimeze, litamke. Sisi tunadhani watoto wanaogopa fimbo, fimbo ni dakika mbili imeisha, kinachowanyima usingizi ni kupoteza simu maana marafiki zao wote wamo mle ndani.

Na nasema hivi nikiwa nimeshaharibu mwenyewe. Binti yangu alipokuwa na miaka 15 nilikuta machati na kijana nisiyemjua, hata hayakuwa mabaya kivile, nikaichukua simu nikaifungia kabatini mwezi mzima na nikajiona mzazi kweli kweli. Afu siku moja mteja kaniletea simu ya bintiye nibadilishe kioo, nimemaliza napima tachi, kufungua Instagram nakutana na sura ya mwanangu. Alikuwa anaingilia simu ya rafiki yake na akaunti kafungua mbili mpya, na hizo mpya ndo hazina loki hata moja, yeyote anaingia anatazama. Yaani nilichofanya ni kumtoa kwenye akaunti niliyokuwa naijua nikampeleka kwenye nisiyoijua.

Usimuitishe kikao. Ukimwita sebuleni ukamkalisha kwenye kochi na baba mdogo pembeni hapo umeshaitisha kesi, hatasema kitu. Ongeeni wakati mnachambua dagaa, wakati anakusindikiza sokoni, mikono ikiwa na kazi mdomo unafunguka. Na we anza kwa kuuliza ya wenzake, "ivi huko shuleni kwenu kuna mtu ashawahi kutapeliwa mtandaoni?", ya wenzake atayasema hata saa nzima na ndani yake na yake yamo.

Hatua ya pili: tarehe ya kuzaliwa

Hapa nitatubu kwa niaba ya mafundi. Mteja akija tumfungulie akaunti, sisi kwenye tarehe ya kuzaliwa tunaandika tu 1 Januari 1990 ili isitusumbue na maswali. Nimefanya hivyo kwa watoto kibao na nilikuwa sijui ninachowafanyia.

Facebook, Instagram, TikTok na WhatsApp zote zinataka mtu awe ametimiza miaka 13. Hiyo 13 imetokana na sheria ya Marekani ya 1998 ya kulinda taarifa za watoto mtandaoni, siyo kwamba mtu akifika 13 akili ya mtandao inashuka kama mvua. Ila kuanzia hapo kampuni zimeweka ulinzi kufuatana na umri, na ulinzi unakuja wenyewe kama tarehe ni ya kweli. TikTok aliye chini ya 16 akaunti yake inaanza ikiwa ya faragha, inboksi hana kabisa, na kwenda laivu ni mpaka 18. Instagram nao walianzisha akaunti za vijana Septemba 2024, walianza na nchi chache afu wakasambaza, mtoto chini ya 18 akaunti inakuwa ya faragha yenyewe na mtu ambaye mtoto hajamfolo hawezi tu kumwandikia, na aliye chini ya 16 akitaka kulegeza hayo masharti lazima mzazi akubali. Sasa mtoto wako mwenye miaka 14 ambaye TikTok inamjua kama mzee wa 1990 hana hata kimoja katika hivyo.

Kwahiyo ingia naye kwenye setingi za akaunti, sehemu ya taarifa zake, angalia tarehe. Ikiwa ya uongo, kuibadilisha TikTok ni usumbufu, rahisi zaidi ni kufungua akaunti mpya yenye tarehe sahihi na ile ya zamani mkaifuta. Atalia na wafuasi wake 340. Mwache alie, atawapata tena.

Laini nayo usiisahau. Mara nyingi laini anayotumia mtoto imesajiliwa kwa NIDA yako, kwahiyo akitukana mtu au akitumiwa na matapeli jina litakalosoma ni la kwako. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, kuna wazazi nimewaona wamekuta laini hata hawazijui, na usiyoijua nenda kwa wakala au ofisi ya mtandao husika ukaifunge.

Hatua ya tatu: WhatsApp, hapa tukae kidogo

WhatsApp watu wanaiona salama kwasababu ni ya namba, eti mpaka mtu awe na namba yako. Namba ya mtoto iko kwenye grupu la darasa, grupu la kwaya, grupu la tuisheni, kila grupu lina watu mia na kila mmoja anaiona.

Fungua nukta tatu juu, Setingi, kisha Praivasi, kama simu iko Kiswahili imeandikwa Faragha. Picha ya profaili, muda wa mwisho kuonekana, maelezo, vyote weka waone watu aliowasevu tu. Shuka mpaka kwenye Magrupu, hapo pia weka watu aliowasevu, maana ikiwa wazi mtu yeyote mwenye namba anaweza kumdumbukiza kwenye grupu la picha chafu usiku amelala na asubuhi zimeshajishusha kwenye galari. Humohumo kwenye Praivasi, sehemu ya Simu, kuna pa kunyamazisha wanaopiga ambao namba zao hazijaseviwa, washa. Stetasi aweke kwa aliowasevu na awapunguze humo, haiwezekani muuza chipsi aone stetasi kisa alimsevu siku moja anaulizia kama zimeiva.

Kisha rudi Akaunti, weka uthibitisho wa hatua mbili, ni pini ya tarakimu 6 anayoijua yeye na wewe. Hii inazuia ule wizi wa mtu kuandika "samahani nimekosea nimetuma kodi yangu kwenye namba yako hebu nirudishie". Kodi hapa siyo ya nyumba, ni zile tarakimu zinazokuja kwa meseji za kufungulia WhatsApp ya mwanao, akiituma dakika hiyohiyo ametolewa, na jamaa anaanza kuwaandikia shangazi zenu wote kwamba ana shida ya elfu hamsini. Kodi haitumwi kwa mtu yeyote, hata akiwa ni rafiki yake wa damu, maana huenda huyo rafiki naye keshaibiwa na anayeandika siye.

Halafu angalia Vifaa vilivyounganishwa. Hii wazazi wengi hawaijui kabisa. Mtu akiishika simu ya mwanao nusu dakika akaskani, meseji zote anazisoma kwenye kompyuta yake miezi na miezi. Ukikuta kifaa usichokielewa, kigonge, kiondoe. Na hapa naomba niseme ukweli ingawa wenzangu watanichukia: ukipeleka simu kwa fundi usimwachie loki ukaondoka ukaenda sokoni. Kubadilisha kioo sihitaji paswedi yako. Nikihitaji kupima, ufungue mwenyewe mbele yangu.

Kuna kitu cha hapa kwetu hasa ambacho miongozo ya Dar haitakwambia. Mtu wa Morogoro akipigiwa na namba ya nje ya nchi anashtuka, sisi hatushtuki. Kigoma kila nyumba ina mtu Bujumbura, ina mtu Uvira au Kalemie, namba inayoanza na +257 au +243 kwetu ni shangazi, ni mjomba, ni mfanyabiashara wa mawese. Matapeli wanapita humohumo. Nyumbani kwangu tumeweka kanuni, namba ngeni iwe ya nje iwe ya ndani haijibiwi kwa kuandika, inapigiwa simu ya sauti mtu mzima akiwepo, na kama hataki kuongea kwa sauti au kila siku maiki yake mbovu basi anablokiwa na hakuna mjadala.

Hatua ya nne: mingine haraka haraka

Facebook. Ukifanya moja tu fanya hili: kwenye setingi za praivasi kuna swali la nani anaweza kuona orodha ya marafiki zako, weka Mimi tu. Yule dogo wa kidato cha pili kilichomshika shingo siyo picha, ni ile orodha, bila orodha jamaa angekuwa na picha na hajui amtishie nayo kwa nani. Instagram akaunti ikiwa ya faragha inaficha wafuasi wake kwa asiyemfolo, kwahiyo hapo kazi ni kupitia wafuasi wenyewe, kaa naye mkague, huyu nani, huyu nani, asiyeweza kuelezewa aondoke.

TikTok kuna kitu kinaitwa Family Pairing, unaunganisha akaunti yako na yake kwa kuskani kwenye setingi, halafu wewe kwenye simu yako unapanga muda, unazuia baadhi ya maudhui, unaona setingi zake. Ndio inabidi na wewe uwe na TikTok. Najua mzee unaona aibu, fungua, usiposti kitu.

Telegram ficha namba ya simu isionekane na mtu yeyote na magrupu weka kama kule WhatsApp. Snapchat zima ile ramani inayoonesha mtu yuko wapi, kuna hali ya kujificha humo ndani, iwashe. Na kwenye kamera ya simu yenyewe zima lokesheni, picha inabeba mahali ilipopigiwa. WhatsApp ukituma kama picha ya kawaida inaondoa hiyo taarifa, ukituma kama faili inaenda nayo.

Hatua ya tano: picha

Chukueni simu mpitie alizokwisha posti, siyo kumkagua, fanyeni kama mchezo. Mwambie jifanye mimi mtu mbaya sikujui, nikiangalia picha zako tu naweza kukupata? Binti yangu tulifanya hivi na ndani ya dakika kumi mimi nilikuwa na jina la shule kutoka kwenye nembo ya sweta, kidato kutoka kwenye daftari, mtaa kutoka kwenye ukuta wa msikiti nyuma yake, na kwamba kila Jumamosi saa kumi yuko ufukweni Katonga na marafiki wawili. Hakusema chochote, akachukua simu akaanza kufuta mwenyewe. Ningemwambia "futa" angefuta tatu akaacha ishirini.

Ile picha ya kutazamwa mara moja ya WhatsApp isimdanganye. Simu inazuia skrinshoti, ila simu ya pili inapiga picha kioo cha ya kwanza.

Hatua ya sita: anavyokuja mtu mbaya

Hapa kwetu dagaa hafuatwi, mvuvi anawasha taa tu katikati ya ziwa usiku akatulia, dagaa wanakuja wenyewe kwenye mwanga na wavu uko chini yao. Na hawa ndo hivyohivyo. Mwanzo hakuna hata dalili ya ubaya, ni sifa. Una sauti nzuri. Unacheza kuliko wote. Mbona wazazi wako hawakuelewi mtu mwenye kipaji kama wewe. Kisha zawadi ndogo, vocha ya elfu moja, bando la wiki. Mtoto wa kidato cha kwanza ambaye bando halimhusu halafu simu haikauki intaneti, uliza kwa upole nani ananunua.

Kisha anamhamisha, hapa TikTok pana watu wengi njoo WhatsApp, njoo Telegram. Kisha siri, futa haya machati, mama ako asijue, wewe ni mkubwa bwana. Mtu mzima anayemwambia mtoto afute meseji hakuna maelezo yake mengine hata awe mchungaji au kocha wa mpira. Mfundishe hilo moja hata ukisahau mengine.

Nyingine ni kazi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi miezi mitatu, 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wapumzike, hela mtaani ilikauka na kibandani kwangu vijana walikuwa wananionesha matangazo kila siku, kazi ya dukani Dar, mamodo wanatafutwa, kazi za ndani Uarabuni nauli juu yetu, uwe na miaka 15 hadi 22. Tangazo linalotaka mtoto wa miaka 15, halina jina la kampuni, linataka picha ya mwili mzima na linasema njoo peke yako usiwaambie watu wasije wakakuonea wivu, hilo siyo kazi. Nchi ina sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu tangu 2008, na hiki ndo inachokizungumzia, hakianzi na mtu kufungwa kamba, kinaanza na nauli ya bure.

Kuhakiki picha ya mtu ni rahisi, ishikilie uitafute kwa Google Lens, mara nyingi "msichana wa Dar" anatokea kuwa msanii wa Brazili huko.

Hatua ya saba: usiku

Tunalalamika watoto wanakesha na simu lakini hatujiulizi kwanini usiku. Bando la usiku ni bei chee. Ukinunua la saa sita usiku mpaka alfajiri unapata GB ambazo mchana ungezinunua kwa hela ya mboga ya siku mbili. Na nyumba zetu nyingi hapa baba saa hizo yuko ziwani kwenye taa, mama saa kumi keshatoka kuwahi mzigo mwaloni Kibirizi, mtoto yuko peke yake na kioo kinachong'aa. Mambo mengi mabaya niliyoyaona kwenye simu ukiangalia muda wa meseji ni saa saba, saa nane usiku.

Dawa yake ni mbili na zinaenda pamoja. Simu zote za nyumba, na ya kwako mzazi, zinalala sebuleni zikichajiwa kuanzia saa tatu au nne. Na umnunulie bando la mchana. Ukimkataza la usiku bila kumpa la mchana unamsukuma kwa wa vocha za bure niliyemtaja hapo juu. Bando la mchana hata dogo la wiki ni ulinzi kuliko programu yoyote ya kupeleleza utakayoniomba nikuwekee, na hizo za kupeleleza siweki, mtoto akigundua ahadi ya hatua ya kwanza imekufa.

Hatua ya nane: limeshatokea

Hii isome vizuri, ikibidi isevu.

Usilipe. Nimeona waliolipa, hakuna aliyeachwa, anayelipa mara moja anaandikwa kwamba huyu analipa. Usimjibu kwa matusi wala kubembeleza. Na usifute chochote, hapa ndo wengi wanakosea, mtoto kwa aibu anafuta machati yote na ushahidi unaenda nayo. Piga skrinshoti za machati, profaili yake na jina la akaunti kama lilivyoandikwa, namba ya simu, na meseji za muamala kama hela ilitumwa. Zile za utupu msizisambaze eti mnakusanya ushahidi, ziacheni kwenye simu hiyohiyo mpaka polisi. Ndo baadaye unaripoti akaunti ndani ya mtandao husika na kumbloki.

Kama hela imetumwa sasa hivi, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako dakika hiyo waombe kuzuia muamala, usisubiri asubuhi. Namba ya tapeli na meseji yake tuma kwenda 15040.

Nendeni kituo cha polisi muulizie Dawati la Jinsia na Watoto, usianze kueleza mambo ya mtoto pale kaunta mbele ya watu, sema tu nahitaji dawati. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa picha za utupu za watoto na unyanyasaji wa mtandaoni, na kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 mtoto ni aliye chini ya miaka 18, hata awe na ndevu. Mtoto akiona vigumu kuongea na wewe kuna namba 116, ni bure, anaongea na mtu mwenyewe. Na kuna huduma inaitwa Take It Down, ya NCMEC, shirika la Marekani la kulinda watoto, bure pia, unaingia takeitdown.ncmec.org unachagua picha kwenye simu yako, picha yenyewe haiondoki, inatengenezwa alama yake tu na mitandao iliyojiunga kama Facebook, Instagram na TikTok inaitumia kuikamata ikipostiwa. WhatsApp haikamati, niwe mkweli.

Yule dogo tulifanya hivyohivyo. Aliponiruhusu nikampigia mama yake, akaja moja kwa moja kutoka Kibirizi, kanga bado ina magamba. Nilimwomba kitu kimoja kabla hajaingia, mama usiseme kitu kwanza, kaa. Akakaa, nikamwonesha meseji, akasoma taratibu maana miwani hakuja nayo, akasoma tena. Dogo kainama anaangalia sakafu. Mama akamgeukia akamuuliza, "Umekula tangu asubuhi?" Dogo akaanza kulia hapo, mi nikatoka nje nikajifanya naongea na bodaboda. Jamaa alitishia mpaka usiku, picha akamtumia binamu mmoja ambaye aliifuta na kumpigia dogo kumpa pole, baada ya hapo kimya. Hela haikurudi.

Na kama mwanao ndo mkosaji

Hili hatulipendi. Magrupu ya darasa yana mtoto mmoja anayechekwa kila siku, stika za sura yake, sauti yake imerekodiwa anasoma kwa kigugumizi, na mwanao huenda siye anayechekwa, ni anayecheka. Muulize nani anataniwa sana kwenye grupu lenu, akikutajia jina muulize ye huwa anajibu nini.

Na zile wanazoita koneksheni. Ikivuja vidio ya utupu ya mtu kila mwenye bando anaomba koneksheni, yaani atumiwe na yeye, na watoto wetu wanaona ni kama kuomba nyimbo. Wakati mwingine aliye kwenye ile vidio ana miaka 16. Mwambie wazi kwamba kupokea akasambaza kwa mwenzake mmoja tu ni kosa kisheria hata kama siye aliyeirekodi, ifute, toka kwenye grupu. Na kwenye WhatsApp zima kujishusha kwa picha na vidio kwenyewe ili isije ikakaa kwenye simu yake kitu ambacho hakukiomba.

Simu ya zamani msiuze bila kutoa akaunti zote na kuifomati, na memori kadi baki nayo. Wanunuzi wa mitumba wapo wanaonunua simu kwa ajili ya galari.

Sasa ile kanuni ya namba ngeni. Mwezi uliopita binti yangu kaja kibandani katoka shule, kaweka simu mezani katikati ya vioo vibovu, anasema baba huyu nimemskrinshoti na nimembloki. Naangalia, +257, picha ya profaili ni maua, kaandika: "Mambo mrembo, mbona umenisahau, nitumie picha yako nikuone ulivyokua." Yaani kila kitu kimo, sifa imo, picha imo. Nikamwambia hongera mama, haya kanuni inasemaje, tukatoa bloki tukapiga, nikaweka spika.

Alikuwa shangazi yake wa Bujumbura kabadilisha laini. Alinitukana Kiha chote anachokijua, kwamba tangu lini mtoto wa kaka yake anamfungia mlango, na hela ya sketi aliyotaka kumtumia sasa hatumi. Binti kaweka mkono mdomoni anacheka kimyakimya, nami nikamwambia shangazi atume tu, ila aweke na picha yake kwenye profaili, maua hatuyajui sisi.